Cha Alfajiri au cha Darasani? Vitabu Vitano vya Kikristo kwa Msomaji wa Kisumu, Maseno na Nakuru

Swali ninaloulizwa kuliko yote mbele ya rafu yetu ya vitabu kanisani ni hili: "Mwalimu, nichukue kipi?" Anayeuliza huwa ameshika viwili, kimoja kila mkono, na anatarajia nimwambie kilicho bora. Rafu yenyewe ni ndogo. Iko katika chumba cha nyuma, hapa Kisumu upande wa Kondele, imejaa vitabu vya kupewa na vya mitumba, na kila Alhamisi jioni watu wachache hukaa mbele yake kusoma kwa sauti. Siku hizi namjibu muulizaji kwa maswali mawili: utakisoma saa ngapi, na utakisoma na nani?

Nilifika hapo kwa uchungu. Shangazi yangu alipofiwa na mumewe, nilimpelekea kitabu cha kitaaluma kuhusu kifo na wazee waliotutangulia. Kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo juu ya jambo hilo. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani kando ya picha ya marehemu. Baada ya majuma sita alinirudishia kikiwa kimefungwa ndani ya leso safi. "Mwanangu," akasema, "hiki kinaongea na watu wengine." Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyepeleka cha darasani mahali palipohitaji cha alfajiri.

Kwa hiyo hapa nalinganisha vitabu vitano ambavyo watu wetu husitasita kati yavyo: wanafunzi wa stashahada ya theolojia, wakatekista, wazee wa kanisa, na watu wa kawaida wanaotaka tu kusoma kitu kizito kuliko trakti. Vitatu huhesabiwa kuwa vya kiroho, viwili vya kitaaluma, ingawa utaona mpaka huo hauko wazi kama unavyodhaniwa.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni lugha. Je, kinapatikana kwa Kiswahili, au ni Kiingereza tu? Na Kiingereza hicho ni cha shule ya upili au cha chuo kikuu?

Cha pili ni saa. Kuna kitabu kinachosomeka kwa vipande vya dakika kumi kabla ya kuwahi matatu ya saa kumi na mbili, na kuna kinachodai meza, kalamu na jioni nzima.

Cha tatu ni darasa. Karibu kila kitabu kinaweza kunukuliwa katika insha ya muhula, lakini si kwa hoja yoyote. Kuna wanafunzi wazuri waliopoteza alama kwa kuthibitisha maana ya mstari wa Warumi kwa kutumia kitabu cha maombi.

Cha nne ni wenzako. Kinasomeka katika kikundi? Kimeandikwa kutoka kanisa lipi? Watu hulikwepa swali hili kwa adabu, lakini eneo letu lina Waanglikana wa Maseno, Wakwakeri wa Kaimosi, Wakatoliki, Waadventista, Wapentekoste na makanisa ya Roho. Boma moja linaweza kuwa na madhehebu matatu. Ni heri kujua mapema nani ataudhika, na kwa ukurasa upi.

Bei sikuifanya kigezo kwa kuwa hubadilika kutoka duka hadi duka, ila nitaitaja pale inapoamua mambo.

Safari ya Msafiri, cha John Bunyan

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford, Uingereza, akawa fundi wa kuziba masufuria kama baba yake, kazi ambayo hapa tungeiita ya jua kali. Mwaka 1660 alifungwa kwa sababu ya kuhubiri nje ya kanisa la serikali, akakaa gerezani miaka kumi na miwili. Sehemu ya kwanza ya hadithi yake ilichapishwa mwaka 1678, ya pili 1684. Tangu hapo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 200, na takriban 80 kati ya hizo ni za Afrika.

Kwa lugha, hiki ndicho chepesi kuliko vyote vitano, maana kipo kwa Kiswahili, na hata anayekisoma kwa Kiingereza husaidiwa na mkondo wa hadithi. Mtu aitwaye Mkristo anatoka katika mji utakaoangamizwa akiwa na mzigo mgongoni. Anazama katika tope la kukata tamaa, anapita katika soko la ubatili, anafungiwa katika ngome ya mashaka, na huko anakumbuka kwamba kifuani ana ufunguo uitwao Ahadi. Mtoto wa darasa la saba anafuata. Mzee wa miaka themanini anafuata, na huwa ndiye anayelia.

Saa yake ni ya jioni, kwa sauti, kituo kimoja kwa kikao kimoja. Kisome peke yako haraka haraka nacho kitakuonekea cha watoto. Kisome mbele ya watu nacho kinaanza kuuliza. Tulipofika kwenye soko la ubatili, mama mmoja anayeuza nguo soko la Kibuye alisema: "Hawa wasafiri wamekataa kununua, sawa. Lakini aliye upande huu wa meza, mwenye karo ya kulipa, mbona hajaulizwa?" Jioni hiyo hatukuendelea na ukurasa mwingine. Tulizungumza juu ya mizani, juu ya bei ya mteja mgeni, na juu ya kuuza bila kuuzwa. Tena kuna ukurasa wa mwanzo, Mkristo anapokimbia akiwa ameziba masikio kwa vidole huku mke na watoto wakimwita. Kwa watu wetu huo ni ukurasa mgumu. Usiuruke. Waambie kwamba katika sehemu ya pili mke naye anafunga safari pamoja na wana wao wanne, kisha waache wasafiri hao wasomwe pamoja na wa kwanza.

Darasani, Bunyan hunukuliwa vizuri katika historia ya kanisa la Uingereza la karne ya 17, katika fasihi, na katika historia ya umisheni, kwa kuwa wamisionari walikibeba kila walikokwenda. Hakifai kuwa ushahidi wa maana ya kifungu cha Biblia, japo kimejaa marejeo ya Biblia.

Kwa wenzako, kumbuka kwamba mwandishi ni Mprotestanti wa wakati wa ugomvi mkali. Katika sehemu ya kwanza kuna jitu zee pangoni liitwalo Papa. Kama kikundi kina Wakatoliki, kiongozi alitaje kabla hawajakutana nalo wenyewe. Ukilitaja kwa heshima linakuwa somo la historia. Ukilificha linakuwa tusi.

Kumfuata Kristo, cha Thomas à Kempis

Hiki nitakipitia kwa ufupi, kwa sababu chenyewe ni kitabu cha maneno machache. Thomas alizaliwa Kempen, Ujerumani, yapata mwaka 1380, akaishi utawani karibu na Zwolle, Uholanzi, hadi alipofariki mwaka 1471. Kazi yake ya Kilatini, De Imitatione Christi, ina vitabu vinne vidogo vyenye jumla ya sura 114, nyingi zikiwa za ukurasa mmoja au miwili.

Lugha yake ni rahisi na mawazo yake ni makali. Saa yake ni ile ya kimya. Binamu yangu ni mlinzi wa zamu ya usiku Nakuru, naye husoma sura moja kwenye simu kila baada ya mzunguko wa saa nane. Ananiambia hajawahi kusoma mbili mfululizo, na nadhani ameelewa jinsi kinavyosomwa kuliko wengi wenye shahada. Tafsiri za zamani za Kiingereza hupatikana bure mtandaoni kwa kuwa haki zake zimeisha muda.

Darasani kina nafasi finyu: historia ya maisha ya kiroho ya Ulaya ya karne ya 15, basi. Chenyewe mapema kabisa kinaonya juu ya elimu inayovimbisha kichwa, kwa hiyo kukitumia kujipatia alama ni kukilazimisha.

Kwa wenzako, kitabu cha nne kinahusu Ekaristi na baadhi ya matoleo ya Kiprotestanti hukiacha. Hata hivyo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikipenda kiasi cha kutoa toleo lake la Kiingereza mwaka 1735. Nina angalizo moja ninalolitoa kwa moyo wote. Kitabu hiki kinasisitiza sana uvumilivu na kujikana. Anayepigwa nyumbani, au anayedhulumiwa mshahara, asipewe hiki peke yake. Kwake maneno ya uvumilivu yanaweza kuwa kufuli juu ya kufuli. Mpe kwanza mtu wa kumsikiliza.

Maungamo, cha Augustino

Wengi huku hushangaa ninapowaambia kwamba Augustino alikuwa mtu wa Afrika. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria, akafariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, pwani ya Algeria hiyo hiyo, wakati Wavandali wameuzingira mji. Maungamo aliyaandika kwa Kilatini, yapata mwaka 397 hadi 400, na ni vitabu kumi na vitatu. Tisa vya kwanza ni maisha yake, cha kumi ni juu ya kumbukumbu, vitatu vya mwisho ni juu ya wakati na mwanzo wa dunia.

Lugha ndiyo kikwazo. Wengi wetu tunamsoma kwa Kiingereza, na tafsiri ya bure inayopatikana kwa wingi kwenye simu ni ya Pusey, ya mwaka 1838, ambayo Kiingereza chake kinachosha hata walimu. Ukiweza, tafuta tafsiri mpya zaidi, kama ile ya Henry Chadwick ya mwaka 1991, yenye tanbihi za kusaidia. Tofauti kati ya hizo mbili inatosha kuamua kama utamaliza au utaacha katikati.

Kwa saa, kinaweza kusomwa namna mbili, na hapa ndipo mpaka wa kiroho na kitaaluma unapovunjika. Kitabu chote ni sala: Augustino anaongea na Mungu tangu mstari wa kwanza, sisi tunasikiliza mlangoni. Kwa hiyo ukurasa mmoja alfajiri unatosha. Lakini kitabu cha kumi na moja, anapouliza wakati ni nini, kinadai meza na daftari, na hakuna haya ya kukisoma mara tatu. Anayeanza asishike vyote kumi na vitatu. Asome cha pili, kijana anapoiba mapeari asiyoyahitaji, kisha cha nane, anapoongoka katika bustani ya Milano mwaka 386, kisha cha tisa. Akitaka zaidi, njia ipo.

Darasani hiki ni dhahabu. Utakinukuu katika historia ya kanisa, mafundisho ya neema, falsafa, hata katika somo la wasifu kama tanzu ya fasihi. Kinukuu kwa namba ya kitabu, sura na aya, si kwa ukurasa, ili msomaji mwenye tafsiri nyingine aweze kukufuata.

Kwa wenzako, Wakatoliki na Waprotestanti wote humdai Augustino kuwa wao, jambo linalofanya kikao kiwe na amani isiyo ya kawaida. Ugumu hutoka kwingine. Mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mwana, Adeodatus, anarudishwa Afrika ili njia ya ndoa nyingine ifunguke, na kitabu hakimtaji jina. Wanawake wa kikundi chetu waliniuliza mara tatu: jina lake nani? Sikuwa na jina la kuwapa. Tuliacha kiti kimoja wazi jioni hiyo, na sijui somo lililoingia ndani zaidi mwaka ule.

Kuna na Monika, mama yake. Zamani alikuwa ameandaa kaburi kando ya mumewe, kisha alipougua Ostia mwaka 387, mbali na kwao, akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke madhabahuni. Kwa watu ambao mwaka 1987 walifuatilia kesi ndefu ya mahali pa kumzika wakili S. M. Otieno mpaka akalazwa Nyalgunga, nyumbani kwao, maneno hayo ya Monika si mepesi. Niliwahi kuyasoma mbele ya wazee sita, na wawili walikataa kabisa kuyakubali. Mmoja akasema, "Huyo mama alikuwa anamwonea huruma mwanawe asihangaike na safari." Sijaona ufafanuzi huo katika kitabu chochote cha chuo, nami nauheshimu.

Africa Bible Commentary

Hiki si cha mtu mmoja. Kilitoka mwaka 2006, kikahaririwa na Tokunboh Adeyemo wa Nigeria, kikachapishwa Nairobi na WordAlive pamoja na Zondervan wa Marekani. Waandishi wake ni wasomi 70 wa Afrika, nacho kinafafanua vitabu vyote 66 vya Biblia katika juzuu moja lenye kurasa zaidi ya 1,600. Injili ya Yohana, kwa mfano, imefafanuliwa na Mkenya Samuel Ngewa.

Lugha ni Kiingereza cha wazi, cha mtu aliyemaliza shule ya upili vizuri. Wahariri walimlenga mchungaji wa kijijini pamoja na mwanafunzi, na inaonekana.

Kwa saa, naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kitabu cha ufafanuzi hakisomwi mwanzo hadi mwisho. Nimewaona watu wazima, wenye bidii, wakikinunua Januari kwa ajili ya ibada ya asubuhi, na kufikia Pasaka bado wako Mwanzo sura ya 12, wamechoka, wanadhani imani yao ndiyo yenye kasoro. Hiki ni cha kufunguliwa Jumatano ukiwa na mahubiri ya Jumapili, au usiku wa kuandika insha. Unasoma kifungu chako katika Biblia kwanza, mara mbili, unaandika maswali yako, ndipo unakifungua. Ukikifungua kabla, kitakufikiria badala yako.

Kinachokitofautisha na ufafanuzi wa Ulaya ni makala fupi zilizopachikwa kati ya kurasa: uchawi, ukabila, UKIMWI, ukeketaji, madeni, heshima kwa waliotangulia. Mchungaji wa Kakamega anayeitwa kuombea nyumba inayodaiwa kurogwa hapati makala hiyo katika ufafanuzi wa London. Baadhi ya makala hizo ni fupi mno kwa uzito wa jambo, nami ningependa ziwe mara mbili.

Darasani kinakubalika kama hatua ya kwanza, hasa katika stashahada. Katika shahada ya pili mhadhiri atataka pia vitabu vinavyofafanua kitabu kimoja cha Biblia kwa kina, na kazi zinazoshughulika na Kiebrania na Kigiriki moja kwa moja. Kwa wenzako, msimamo wake ni wa kiinjili. Mkatoliki atanufaika na mengi, lakini hatakuta vitabu vya deuterokanoni kama Tobiti na Hekima.

Kuhusu bei, ni kizito mkononi na mfukoni. Kwa hiyo nashauri kinunuliwe na kanisa, kiwekwe rafuni, kiwe na daftari la kuazimia. Nakala moja inaweza kuhudumia wahubiri wanane kama kuna utaratibu wa siku.

African Religions and Philosophy, cha John Mbiti

Hiki ndicho nilichompelekea shangazi.

Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, Kitui, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu Makerere, akafariki mwaka 2019. Kitabu kilitoka mwaka 1969, na toleo la pili mwaka 1990. Hakifundishi kuomba. Kinafundisha kuangalia jinsi babu zetu walivyomfikiria Mungu, wakati, kifo, ndoa na ukoo, na kufanya hivyo bila dharau ya wageni waliotangulia kuandika.

Msomaji wa Kiswahili anapewa zawadi mapema. Alipotafuta maneno ya kueleza wakati, Mbiti aliyaacha ya Kiingereza akachukua yetu: Sasa na Zamani. Kwake Sasa ni kipindi tunachokiishi na kukikumbuka, na Zamani ni bahari kubwa ambamo mambo yote huzama hatimaye. Aliyefariki, wakati bado yupo anayemkumbuka kwa jina, yumo ndani ya Sasa. Akisahauliwa na wa mwisho, anaingia Zamani. Watu wa kwetu ambao mtoto huitwa jina la babu hawahitaji kuelezwa sana. Ila Mbiti akaenda mbele zaidi, akadai kwamba katika fikra za jadi karibu hakuna wakati ujao wa mbali, akijengea hoja hiyo juu ya nyakati za vitenzi vya Kikamba na Gikuyu. Hapo nasita. Lugha yenye kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo inahesabu siku zijazo kwa uangalifu fulani, na mwanafunzi anayejua Kidholuo au Kiluhya vizuri anaweza kuijaribu hoja hiyo kwa lugha yake mwenyewe. Ni insha nzuri inayosubiri mtu.

Lugha ya kitabu ni Kiingereza cha chuo lakini kisicho na kiburi. Saa yake ni ya meza na kalamu, sura moja kwa juma. Darasani hakikwepeki: anayeandika juu ya dini za Afrika bila Mbiti ataulizwa kwa nini. Lakini usimnukuu peke yake. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashutumu yeye na wenzake kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki, yaani kuieleza kwa fikra za Wagiriki badala ya za Waafrika wenyewe. Kutoka upande mwingine kabisa alikuja Byang Kato wa Nigeria, akidai kwamba Mbiti anakaribia kuifuta tofauti kati ya Injili na dini za jadi. Kitabu cha Kato, Theological Pitfalls in Africa, kilichapishwa mwaka 1975 na Evangel Publishing House hapa hapa Kisumu. Mwanafunzi wetu anayedhani mijadala mikubwa hufanyika ng'ambo tu, namwambia aangalie jina la mji lililochapwa hapo. Kato alikufa maji Mombasa Desemba ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 39. Wote wawili waliishi kwa kile walichoandika: Kato alizaliwa ndani ya dini ya jadi ya watu wake na alijua alichokikimbia, na Mbiti aliendelea kuitafsiri Biblia, Agano Jipya lake la Kikamba likichapishwa mwaka 2014. Wasome pamoja, na usiharakishe kumtangaza mshindi.

Kwa wenzako, onya mapema. Katika kikundi cha Wapentekoste, ukurasa juu ya waliotangulia unaweza kuzua hofu ya kweli kwamba mnaalika mizimu. Hofu hiyo isibezwe. Katika kikundi cha watu wa makanisa ya Roho, ukurasa huo huo unaweza kuleta faraja. Binafsi nakipendelea katika kikundi kidogo cha watu wanaofahamiana, wasizidi saba.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Maseno au Kaimosi au kwingineko, na una pesa za kitabu kimoja tu, ufafanuzi wa Biblia uazime maktabani na ununue Mbiti wa mitumba. Utamrudia katika masomo manne tofauti. Wa Kisumu na wa Nakuru waanzie kwenye maktaba ya umma ya mji wao kabla ya kutoa shilingi.

Kama unahubiri kila Jumapili bila kuwa na mafunzo rasmi, na kanisa liko tayari kuchanga, Africa Bible Commentary itakusaidia kuliko vingine vyote hapa, kwa sharti lile la kusoma Biblia kwanza.

Kama una dakika kumi tu na simu, na roho imechoka na kelele, ni Thomas à Kempis, sura moja, basi. Kama una dakika hizo hizo lakini unasumbuliwa na maswali kuliko uchovu, chukua Augustino.

Kama unaanzisha kikao cha kusoma chenye vijana, wazee na wasiojua Kiingereza, ni Bunyan kwa Kiswahili. Anza na watu watano, soma kwa sauti, mpe kila mtu nafasi ya kuwa mhusika mmoja. Ikifika miezi minne bado mko pamoja, ongezeni kitabu cha nane cha Maungamo, mmoja akitafsiri aya kwa aya.

Kama unajiandaa kwa utumishi na unahisi moyo umebaki nyuma ya kichwa, soma viwili kwa pamoja: kimoja cha darasani jioni, kimoja cha alfajiri, na usivichanganye saa zake. Nimeona hili likiwafaa makasisi wawili wachanga. Mwingine wa tatu lilimlemea, akabaki na kimoja, na alifanya vyema.

Na kama unampelekea aliyefiwa, usimpe kitabu kizima. Mpe Augustino, kitabu cha tisa, kuanzia mahali anapomsimulia mama yake. Huko kuna mwana anayejizuia kulia makaburini kwa sababu anaona haya, anakwenda kuoga akitumaini huzuni itamtoka, haitoki, analala, anaamka, kisha machozi yanakuja yenyewe naye anayaacha yatiririke. Nilimsomea shangazi kurasa hizo mwaka uliofuata, nikizitafsiri kwa Kiswahili nilivyoweza, tumekaa nje ya nyumba yake jua likizama. Aliniambia nirudie pale pa kuoga. Nikarudia. Nakala hiyo sasa ina kipande cha leso kati ya kurasa zake, alichokikata yeye mwenyewe, na ndiyo ninayoazima watu wanaotoka mazishini.